Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kifike Sokoni



Kila mwaka vyuo vya fedha na uhasibu vya nchi hii huwatoa vijana kwa wingi. Wapo watokao Chuo cha Usimamizi wa Fedha, katika barabara ya Shaaban Robert jijini Dar es Salaam; wapo wa Chuo cha Elimu ya Biashara, wa Taasisi ya Uhasibu, wa Chuo cha Uhasibu Arusha, wa Mzumbe na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wote wamefundishwa kuandaa mizania, kukokotoa kodi na kukagua vitabu vya hesabu. Wakishavua majoho ya mahafali, huanza safari moja: kutafuta kazi katika mabenki, makampuni ya bima, ofisi za ukaguzi, idara za Serikali na vyama vya akiba na mikopo.

Miezi michache baadaye semi mbili huanza kusikika. Usemi wa kwanza hutoka vinywani mwa vijana wenyewe: kwamba bila mjomba ndani ya benki hakuna kazi. Usemi wa pili hutoka kwa wazee, na mara nyingi kwa walimu: kwamba kijana atulie na cheti chake, maana wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi wa kwanza umekata tamaa. Usemi wa pili umelala usingizi. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba semi zote mbili zina kasoro, na kwamba iko njia ya tatu, iliyo halali na ya heshima, ambayo vijana wengi hawafundishwi. Njia hiyo ni kufahamiana kikazi.

Yafaa maana yake ielezwe mapema, ili mambo mawili yasichanganywe. Kufahamiana kikazi ni mwanafunzi kujulikana, kwa kazi yake na kwa tabia yake, na watu walio katika taaluma anayoitamani. Na yeye kwa upande wake kuwajua watu hao na kuielewa kazi yao, kabla hajahitaji kitu chochote kutoka kwao. Kufahamiana huko si kuomba, si kubembeleza, wala si kununua upendeleo.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili limekuwa zito, ni lazima kutazama nyuma. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966. Mwezi Februari mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya biashara yaliyokuwa ya kigeni yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Wananchi wenye ujuzi wa kuendesha shughuli hizo walikuwa wachache mno. Ndiyo sababu mwaka 1972 sheria mbili muhimu zilipitishwa: moja ya kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na nyingine ya kuanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Katika miaka hiyo ya 1970, na hata ya 1980, kijana aliyehitimu hakuitafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Alipangiwa kituo na Serikali, akapewa barua, akapanda basi au treni kwenda alikopangiwa. Hakuhitaji kumjua mtu yeyote, kwa kuwa taifa zima lilimhitaji.

Hali hiyo imekwisha. Mwaka 1991 ilipitishwa sheria ya mabenki na taasisi za fedha iliyowafungulia mlango wenye mitaji binafsi. Mwaka 1996 Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini iligeuzwa kuwa Benki ya CRDB inayomilikiwa na wanahisa. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, ikazaliwa pia benki ambayo watu wengi huiita NMB. Mwezi Aprili mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa. Kwa hiyo, badala ya mwajiri mmoja mkubwa, wapo waajiri wengi, na kila mmoja huchagua kwa utaratibu wake. Na badala ya wahitimu wachache wanaogombewa, wapo wahitimu wengi wanaogombea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba utaratibu ulibadilika lakini mafundisho hayakubadilika kwa kadiri ileile. Mwalimu aliyepangiwa kazi humfundisha mwanafunzi asiyepangiwa. Humwambia asome, afaulu, asubiri. Mafundisho hayo ni mema, lakini ni nusu ya safari.

Basi, kwa nini kufahamiana kuwe na uzito zaidi katika kazi za fedha kuliko katika kazi nyingine? Jibu limo ndani ya kazi yenyewe. Kazi ya fedha ni kazi ya amana. Karani wa dirishani hushika fedha zisizo zake. Afisa wa mikopo huamua nani akopeshwe akiba ya wengine. Mkaguzi wa hesabu huweka sahihi kwenye taarifa ambayo watu wasiomjua wataitegemea. Mwenye kasha hampi mgeni ufunguo. Cheti humweleza mwajiri kwamba kijana anajua kutofautisha mali na deni. Hakimwelezi kama kijana huyo hufika kazini kwa wakati, kama hukiri kosa lake kabla halijagunduliwa, au kama hutunza siri ya mteja anapokuwa kijiweni na rafiki zake. Mambo hayo husemwa na mtu tu, na husemwa na mtu aliyeyaona.

Hata Serikali inalitambua jambo hilo. Matangazo ya kazi za umma, pamoja na vyeti na wasifu, kwa kawaida humtaka mwombaji ataje majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Sharti hilo laonekana dogo, lakini kwa kijana wa mkulima laweza kuwa mlima. Akishamtaja mwalimu wake mmoja wa chuo, ambaye huenda hata sura yake haikumbuki, wa pili atakuwa nani? Na wa tatu? Mwanafunzi anayefika mwaka wa mwisho bila watu watatu wazima wawezao kusema neno la kweli juu ya kazi yake amesoma vitabu vyote lakini ameacha ukurasa mmoja mtupu, na ukurasa huo ndio wa kwanza kutazamwa.

Jambo la pili ni habari. Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo imesomwa sana tangu wakati huo. Alikuwa amewauliza watu waliobadili kazi karibuni katika mji wa Newton, karibu na Boston, watu wa kazi za kitaalamu, za kiufundi na za uongozi, jinsi walivyopata kazi zao mpya. Kati ya wale waliopata habari za kazi kupitia kwa mtu waliyemjua, asilimia 16.7 tu walisema kwamba walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja. Asilimia 27.8 walionana naye kwa nadra. Kwa maneno mengine, kazi haikuletwa na rafiki wa kila siku. Ililetwa zaidi na mtu wa mbali kidogo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Rafiki wa kila siku hujua yaleyale ayajuayo rafiki yake. Wanakaa bweni moja, wanasoma ubao mmoja wa matangazo, wanasikia uvumi mmoja. Mtu wa mbali huishi katika duara jingine, na huko husikia mambo mengine. Mkulima wa kahawa hapati habari za bei mpya kwa jirani wa shamba la pili, kwa kuwa wote wawili wamekaa mahali pamoja. Huzipata kwa dereva wa lori aliyelala mji mwingine jana. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa zaidi uliofanyika kwenye mtandao wa LinkedIn, ukihusisha watu zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka 5. Ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi mtu kupata kazi mpya ni watu aliofahamiana nao kwa kiasi: si marafiki wa ndani kabisa, wala si wale wasio na lolote linalowaunganisha naye. Tafiti hizo zilitoka Marekani, na mazingira ya huko si ya Tanzania. Lakini sababu iliyoelezwa ni ya kibinadamu, nayo haijui mpaka wa nchi.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo mtumishi mwadilifu ni lazima aliulize. Je, kufahamiana huku si jina jipya la ugonjwa wa zamani? Je, si ule undugu uliopigwa vita miaka yote, wa mkubwa kumweka mpwa wake kwenye kiti cha mtu aliyestahili? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Linajibiwa kwa kuweka mpaka.

Kupendeleana ni kumpa mtu kile ambacho ni haki ya mwingine. Ni kumvujishia maswali ya usaili. Ni kumpandisha alama. Ni kulipunguza sharti la kazi ili limwenee yeye. Ni kulichelewesha tangazo hadi atakapokuwa tayari. Kufahamiana kikazi ni kumpa mtu kile ambacho hakimpunguzii mwingine: maelezo ya namna kazi inavyofanyika, ushauri juu ya mtihani upi aanze nao, taarifa ya tangazo lililokwisha kutolewa kwa watu wote, na ushuhuda wa kweli juu ya kazi aliyoifanya. Kipimo chake ni kimoja, nacho ni chepesi kukikumbuka: je, neno hili linaloambiwa kijana huyu laweza kusemwa kwa sauti mbele ya waombaji wote? Likiweza, ni msaada. Likihitaji kunong'onwa, ni upendeleo, na mara nyingi ni kosa la jinai, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuwaacha nje wanaotumia vibaya madaraka yao.

Katika utumishi wa umma mpaka huo ni mkali zaidi, na ndivyo ipasavyo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ilikusudiwa kuweka kipimo kimoja kwa waombaji wote. Kijana asidanganywe kwamba kumfahamu afisa fulani kutampa nafasi huko. Lakini hata huko, aliyewahi kukaa na mhasibu wa halmashauri na kuona jinsi hati ya malipo inavyoandaliwa, inavyoidhinishwa na inavyohifadhiwa kwa ajili ya mkaguzi, ataingia kwenye chumba cha usaili akiwa na majibu ambayo hayamo kwenye daftari la darasani. Hakupewa maswali, amepewa ufahamu. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa yafaa kulitazama jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni usawa. Chukua mfano wa vijana wawili wanaosoma chuo kimoja na kupata alama zilezile. Baba wa kwanza ni ofisa wa kampuni ya bima mjini. Wazazi wa pili hulima korosho Newala. Yule wa kwanza, tangu akiwa mtoto, amesikia mezani wakati wa chakula cha usiku maneno kama dhamana, hati fungani, hasara ya mwaka na ziara ya wakaguzi. Amewaona wageni wa baba yake, amewaamkia, amejibu maswali yao. Anajua jinsi ya kuandika barua kwa meneja, jinsi ya kuvaa siku ya usaili, na ni bodi gani ya kitaaluma iheshimiwayo. Hakuna rushwa iliyopita mezani pale. Hakuna aliyevunja sheria. Hata hivyo, siku ya mahafali kijana huyo anafahamika na watu kumi wa taaluma yake, na yule wa Newala hafahamiki na hata mmoja.

Wakati mwalimu anapomwambia yule wa Newala kwamba chema chajiuza, anadhani anamfundisha unyenyekevu. Kumbe anamwacha nyuma. Chema hujiuza kweli, lakini sharti kifike sokoni. Ufinyanzi ulio mzuri kuliko wote, ukifungiwa stoo, haununuliwi na mtu. Na mnunuzi hana kosa, kwa kuwa hakuuona. Mtoto wa mwenye duka hana haja ya kufundishwa njia ya sokoni. Mtoto wa mkulima ndiye anayehitaji kuonyeshwa njia hiyo, na mahali pa kuonyeshwa ni shuleni na chuoni. Jambo hili lisipofundishwa darasani, litaendelea kurithiwa nyumbani; na kinachorithiwa nyumbani hakigawanywi sawa.

Mwanafunzi mwenyewe ana wajibu wa kwanza. Mlango ulio wazi kwake kuliko yote ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wengi huyachukulia kuwa likizo yenye barua. Mwanafunzi mwenye busara hufika kabla ya saa ya kazi, huwa na daftari, huandika kila siku alichojifunza, na akimaliza alichopewa huuliza kama kuna kingine. Akikosea kuoanisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha, husema mwenyewe. Mwishoni huandika barua fupi ya shukrani kwa mkuu wa ofisi na kwa karani aliyemfundisha, kisha baada ya miezi kadhaa huwapasha habari za masomo yake bila kuomba lolote. Wiki hizo chache zikitumiwa hivyo zaweza kumpa mdhamini mmoja wa kweli, na mdhamini huyo ni mali.

Mlango wa pili ni wanafunzi wenzake. Vijana wengi huwatazama wakubwa tu na kuwasahau walioketi nao dawati moja, ilhali baada ya miaka 10 hao ndio watakaokuwa wakuu wa idara, wakaguzi na mameneja wa matawi. Sifa anayoijenga mtu kwenye kikundi cha masomo haifutiki. Aliyekubali kuwa mhazini wa chama cha wanafunzi, akatoa hesabu zilizo safi hadi senti ya mwisho, ameandika cheti kingine mioyoni mwa wenzake. Aliyetafuna michango ya safari ya masomo naye ameandika chake.

Mlango wa tatu ni jamii inayomzunguka. Kila mtaa una kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na kila kikundi kina taabu ya daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wa uhasibu akijitolea kuweka sawa daftari la kikundi cha akina mama wa mtaani kwao, au hesabu za msikiti au kanisa, atapata mazoezi, atapata mashahidi, na atakuwa amelipa sehemu ya deni lake kwa wananchi waliomsomesha kwa kodi zao.

Mlango wa nne ni taaluma yenyewe. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu huwasajili watahiniwa, huendesha mitihani na huandaa mikutano na semina za wahasibu. Mwanafunzi anayeanza mapema kufuatilia shughuli hizo huketi karibu na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Siku hizi pia wataalamu wengi hupatikana kwa njia ya intaneti. Lakini huko nako adabu ni ileile. Kumwandikia mtu mzima asiyemjua maneno mawili, "naomba kazi", ni kama kubisha hodi kwa teke. Barua njema husalimu, humtaja mwandishi na chuo chake, hueleza kwa sentensi moja kwa nini anamwandikia mtu huyo na si mwingine, kisha huuliza swali moja linaloweza kujibiwa kwa dakika chache. Anayeulizwa juu ya kazi yake hufurahi kueleza. Anayeombwa kazi asiyo nayo mkononi huona haya, akanyamaza.

Katika jambo hili hatari inayowakabili wasichana haifai kufunikwa. Wako wanaume wenye vyeo ambao huligeuza ombi la ushauri kuwa mtego. Kwa ajili hiyo binti asilaumiwe kwa kutafuta maarifa. Alaumiwe anayeyauza kwa bei ya aibu. Sheria ya mwaka 2007 iliyokwisha kutajwa inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Vyuo vina wajibu wa kuwapeleka wanafunzi kwa barua rasmi, kwa jina la msimamizi anayejulikana, na kwa mazungumzo yanayofanyika ofisini saa za kazi. Na vina wajibu wa kumsikiliza haraka binti anapolalamika. Wahasibu wanawake waliotangulia wakijitokeza kuwashika mkono wadogo zao, mtego huo utapoteza nguvu zake nyingi.

Walimu nao wanao wajibu mzito. Barua ya mwalimu juu ya mwanafunzi haina budi kuwa ya kweli. Mwalimu anayemwandikia kila mtu kwamba ni hodari, mwaminifu na mchapakazi anazipunguzia thamani barua zake zote, na anamdhulumu yule aliye hodari kweli. Ni heri aandike jambo moja aliloliona: kwamba kijana huyu alirudi mara tatu kuuliza swali hadi akalielewa, au kwamba aligundua kosa katika mfano uliotolewa darasani akalisema kwa adabu. Aidha, chuo kinachotunza orodha ya wahitimu wake na mahali waliko, kikawaalika warudi kuzungumza na wanafunzi, hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji daftari na nia. Nafasi za mafunzo kwa vitendo katika ofisi zinazotamaniwa zigawanywe kwa utaratibu ulio wazi, ili zisiende kila mwaka kwa watoto wa waliokwisha kufika. Na mwalimu wa biashara na utunzaji hesabu katika shule ya sekondari ya wilayani aweza kumwalika mhasibu wa halmashauri au meneja wa tawi la benki azungumze na darasa kwa saa moja tu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, saa hiyo yaweza kuwa mara ya kwanza kuona kwamba kazi ile hufanywa na binadamu aliyezaliwa kijijini kama yeye.

Mtumishi wa umma naye ajiulize anavyompokea mwanafunzi anayeletwa ofisini kwake. Wako wanafunzi ambao wiki zote za mafunzo huzimaliza wakitumwa kununua chai na kupeleka makaratasi kwenye mashine ya kunakili. Huko si kumfundisha mtu. Ni kumpotezea muda kwa muhuri wa Serikali. Kumpa kazi ndogo iliyo ya kweli, kuisahihisha mbele yake na kumweleza sababu huchukua nusu saa kwa siku. Mtumishi asiogope kwamba kwa kumsaidia kijana asiye ndugu yake ataonekana anapendelea. Kinyume chake ndicho kweli: anayewasaidia ndugu zake tu ndiye anayependelea. Dawa ya undugu si kila mtu kufunga mlango wake. Dawa ni kuufungua mlango huo kwa asiye ndugu.

Wazee waliostaafu nao wasisahauliwe. Wamo majumbani, mijini na vijijini, watu waliofunga hesabu za mashirika makubwa kwa mkono kabla kompyuta hazijaenea. Maarifa yao juu ya namna wizi unavyoanza kwa vocha moja isiyo na kiambatisho ni shule tosha kwa mkaguzi chipukizi. Wengi wao wangefurahi kuulizwa, lakini hakuna anayewauliza.

Baada ya kusema hayo yote, yafaa tahadhari moja itolewe. Kufahamiana hakuchukui nafasi ya ujuzi. Mtu aliyefahamika na watu mia na ambaye hajui kuandaa mizania amefahamika kwa ujinga wake, na sifa hiyo husafiri haraka kuliko sifa njema. Mitihani ya Bodi haina mjomba. Kijana asiache maktaba ili azunguke maofisini. Asome kwanza, kisha ahakikishe kwamba kile alichokisoma kimeonekana na watu wanaoweza kukipima.

Basi, ule usemi wa bila mjomba hakuna kazi utakufa siku ambayo mtoto asiye na mjomba atakuwa na mwalimu aliyemtambulisha, mtumishi aliyemfundisha na mwenzake anayeweza kumshuhudia. Mambo hayo matatu hayahitaji bajeti wala waraka. Na ule usemi wa wahenga hautaguswa. Utabaki kama ulivyo, maana ni wa kweli. Chema chajiuza. Wajibu wa wakubwa ni kuhakikisha kwamba chema kilichotoka Newala kinawekwa kwenye meza moja na chema kilichotoka mjini, mnunuzi avitazame vyote viwili kwa mwanga uleule, kisha achague.